Kutoka Mutton Street mpaka Zawar, nikifuata vichwa vya palki

Jumanne, Mumbai

Mama mdogo kafanyiwa goti lake, daktari kasema imekwenda vizuri, dada ndo analala nae hospitali, kwa hio mimi mchana nikawa nazurura tu kwenye korido mpaka mwenyewe akanifukuza. "We mtoto nenda huko ukatafute mavyuma yako, hapa unanijazia chumba." Sikusubiri aseme mara mbili, nikapanda teksi mpaka Bhendi Bazaar, kutoka hapo ni miguu tu hadi Chor Bazaar.

Kwa wasionijua, kazi yangu Unguja ni kukarabati masanduku na milango ya zamani, misumari ya shaba, pete, makomeo, vibati vya kupigilia pembeni. Na muda mrefu nimekua nikiona mtandaoni vichwa vya wanyama vya shaba, chui milia, simba, tembo, na yule makara mwenye mdomo wa mamba na mkonga wa tembo, vinauzwa minadani Ulaya kwa bei za kutisha, maelezo yake eti ni vya palki. Palki ndo ile machela ya kitajiri ya Kihindi, kiti au kitanda chenye paa kimening'inizwa kwenye mti mrefu, watu wanauweka mti mabegani wanaondoka nae bwana mkubwa. Kile kichwa kinavalishwa kwenye ncha ya mti, kimoja mbele kimoja nyuma, ndo mana vya kweli hua viwili viwili, na ukiona kinauzwa kimoja peke yake ujue mwenzake yupo kwenye nyumba ya mtu mwengine au hajawahi kuwepo.

Mutton Street ni uchochoro wa maduka ya vitu vya kale, gramafoni, saa za ukutani, mabango ya sinema, taa za meli. Usiende Ijumaa, maduka ya vitu vya kale yanafungwa, siku hio ni zamu ya wale wanaotandika chini. Nikaingia kwa mzee mmoja, kila mtu anamwita chacha, ndo baba mdogo kwa Kihindi, basi na mimi nikamwita chacha, nikamwambia nataka vichwa vya palki. Akanitolea kimoja kizuri sana, simba kafungua mdomo, anang'aa. Nikakipokea, yeye akakaa kimya ananitazama tu. Nikakigeuza, mdomoni kuna tundu linapita mpaka nyuma. Nikamwambia chacha hii imetoka kwenye bomba la maji, simba wa kutemea maji huyu. Akacheka mpaka akakohoa, akamwita kijana alete chai, na kile kifurushi cha kweli kikatoka chini ya meza kimefungwa gazeti.

Hapa lazma nikae kidogo. Walikua chui milia wawili, shaba ya njano, kila mmoja urefu wa kiganja na nusu hivi. Masikio yamelazwa nyuma, meno manne makubwa, ulimi umetoka kidogo, milia haikutoka kwenye kalibu bali imechorwa na patasi baada ya kumimina, unaiona pale mkono wa fundi ulipoteleza kwenye shavu akaendelea tu. Ila uso sikuuangalia sana. Nyuma ya shingo kuna mfereji wa duara, ndo panapoingia mti, na ubavuni kuna tundu la msumari, tundu lenyewe la mraba, mana msumari ulifuliwa kwa nyundo. Nikamulika na simu. Ndani udongo mweusi ulioungua bado umeng'ang'ania kwenye pua na nyuma ya macho, ule udongo wa moyo wa kalibu ambao hakuna aliyehangaika kuutoa wote kwa sababu hakuna atakayeuona, na pembeni kipande cha mwanzi chembamba kimekaukia humo humo na kutu ya kijani.

Alafu chacha akanishika kidole akakipitisha juu ya utosi wa yule wa kwanza. Laini kabisa. Milia imefutika pale juu na nyuma ya sikio moja, lakini chini ya kidevu michoro ni mikali vilevile. Akanambia huyu ndo wa mbele, mbebaji wa mbele hua anapandisha mkono anashika kichwa ili mti usiyumbe, miaka na miaka kiganja kilekile na jasho lilelile. Yule wa nyuma kasuguliwa kidogo tu. Mtu anayetengeneza feki anasugua pote sawasawa, au anasugua pua, mana anadhani mnunuzi ataangalia pua.

Bei sikuuliza mpaka chai imeisha. Aliponiambia nikaomba chai nyengine.

Kabla sijatoka nikaona kwenye kabati sahani ndogo za shaba zenye maandishi na namba, beji za matarishi wa ofisi za zama za Waingereza. Hizo zina wateja wengi kuliko palki, chacha anasema. Nikazipiga picha.

Jumatano, kwenye treni

Suryanagri Express, Bandra Terminus mpaka Jodhpur, inaondoka mchana unalala humo unafika asubuhi. Nimepata kitanda cha juu kabisa, feni inanipulizia usoni. Chini yangu familia inakula toka tumeondoka, wamenipa thepla, vichapati vyao vya viungo, na achari na sikukataa.

Nimepitisha muda kusoma niliyokua nimeyahifadhi kwenye simu kuhusu wabebaji, mana jana ile mikono iliyofuta milia ya chui imenikaa. Kaskazini huko wabebaji wengi walikua ni watu wa jamii ya Kahar. Abul Fazl, yule mwandishi wa mfalme Akbar karne ya 16, amewataja kwenye Ain-i-Akbari, anasema wanabeba mizigo mizito mabegani wanapanda na kushuka milima na wanakwenda kwa ulaini mpaka aliyemo ndani hasikii mtikisiko. Ukiweza kusifiwa na karani wa mfalme kwa namna unavyotembea ujue kazi unaijua. Zama za Waingereza kulikua na safari za palki za masafa marefu, usiku kucha, watu wanane wanapokezana wanne wanne, na mtu wa mwenge anakimbia mbele, wakifika kituo wanabadilishwa wote kama farasi wa posta.

Na palki ilikua ni cheo, si usafiri tu. Mwaka 1758 wakurugenzi wa kampuni ya East India kule London walisikia kwamba hata makarani wao wadogo wanajibebesha kwenye palki, wakakasirika wakapiga marufuku. Kijana wa juzi katoka kwao Uingereza na sanduku moja, leo yuko mabegani mwa watu wanne, mbele yake kichwa cha shaba.

Alafu kuna hii ya Calcutta mwaka 1827. Polisi wakaweka sheria mpya, kila mbebaji akate leseni, avae beji yenye namba, na nauli ipangwe na serikali. Wabebaji, wengi wao watu wa Orissa, wakagoma. Palki zikabaki chini, mabwana wakakwama majumbani, na inasimuliwa kwamba mzungu mmoja kwa jina Brownlow akaifungia palki yake magurudumu akaweka farasi, ndo gari lile likaja kuitwa brownberry. Nikafungua tena zile picha za beji za kwa chacha. Sidai kwamba zile ni za wabebaji, hapana, zile ni za matarishi, lakini nimelala nikiwaza kwamba bwana akipambwa chuma kwenye mti anaitwa mtukufu, na mbebaji akipewa chuma chake anaona ni bora alale njaa kuliko kukivaa.

Alhamisi, Jodhpur

Nimefika alfajiri, nikaoga, nikapanda ngome ya Mehrangarh kabla jua halijakolea. Rao Jodha alianza kuijenga mwaka 1459 juu ya jabali lenye kimo cha zaidi ya mita 100 juu ya mji, na ukiwa chini unaona kama jabali na ukuta ni kitu kimoja. Mwenye magoti ya mama mdogo asijaribu, ipo lifti.

Makumbusho ya humu yana ukumbi wa palki na ukumbi wa viti vya kupandia tembo, na ukitaka kujua mambo haya hakuna haja ya kwenda pengine. Palki za wanawake wa jumba la mfalme zimefunikwa kote, vijidirisha vya kuchungulia tu, wanaona hawaonwi. Za wanaume ziko wazi, mtu anakaa aonekane. Na ile kubwa kuliko zote ni Mahadol, imepakwa dhahabu, imepambwa mpaka huoni mbao, Maharaja Abhai Singh aliileta kutoka Gujarat mwaka 1730 baada ya kupigana na Sarbuland Khan aliyekua gavana kule. Ngawira hio. Watu wanapita wanapiga selfi na Mahadol wanaondoka.

Mimi nikachuchumaa. Mlinzi akanifata akidhani nimeangusha kitu, nikamuonyesha kwa mikono kwamba naangalia vyuma, akapata raha ya ajabu, tangu hapo akawa ananiita kila kona nikaone pete hii, kulabu ile. Na kweli vyuma viko vingi kuliko vichwa. Kuna mikono ya chuma inayoshika sanduku na mti, kuna pete za kupitishia kamba, vibati vya pembeni vinavyozuia mbao isimeguke inapowekwa chini, kofia za miguu. Kila pambo lina kazi. Hata kichwa cha mnyama chenyewe kina kazi yake, mwanzi ukikatwa unapasuka kuanzia kwenye ncha, unyevu unaingia, wadudu wanaingia, kwa hio lazima ncha ivalishwe chuma, na kama lazima uvalishe chuma basi fundi anasema ngoja niweke chui.

Mti nao una hadithi yake. Palki nyingi za zamani mti wake umepinda katikati kwenda juu, ili aliyemo ndani apate nafasi ya kichwa. Mwanzi haukupindwa kwa moto, ulifundishwa kupinda ukiwa bado mchanga shambani, wasafiri wa Ulaya wa karne ya 17 wameyaandika haya wakishangaa. Sasa fikiria mtu anaotesha mti wa palki miaka kabla ya palki yenyewe.

Ijumaa, Jodhpur

Baada ya sala ya Ijumaa nikapelekwa na kijana wa gesti kwenye karakana nje kidogo ya mji. Jodhpur inauza nje fanicha na mapambo ya "kizamani" kwa makontena, na hakuna anayeficha, uani kuna milango mipya inapigwa na minyororo izeeke. Vichwa vya chui vilikua vimepangwa kwenye turubai wameloweshwa dawa, wiki ijayo watakua na miaka 150.

Hao wanamiminwa kwenye mchanga. Kalibu ina nusu mbili, kwa hio kuna mstari wa maungio unapita katikati ya paji la uso mpaka kidevuni, wanausaga na mashine lakini ndani ya sikio mashine haiingii, angalia hapo. Na wote wamefanana, kovu la shavuni la huyu ni la yule na la yule mwengine.

Ila kuna mzee mmoja pembeni, kwao Moradabad, mji wa kule Uttar Pradesh unaoishi kwa shaba, yeye bado anafanya kwa nta akipata oda. Nikakaa nae mpaka magharibi. Anaanza na moyo wa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, anaufinyanga umbo la kichwa bila sura, anaufunika na nta nyembamba, sura yote anaichonga kwenye nta, kope, meno, kila kitu, alafu anachomeka vijiti vya chuma vinavyopita kwenye nta mpaka kwenye moyo, kisha anapaka udongo laini kama uji juu yake, unakauka, anapaka mzito, unakauka. Ukiingia motoni nta inatiririka inatoka, panabaki uwazi, na vile vijiti ndo vinavyoushikilia moyo usianguke upande mmoja. Ukimaliza unavunja udongo, kwa hio kila kichwa kina kalibu yake na inakufa nayo. Pacha wa kweli hawafanani kabisa, nikamwambia habari ya chui wa chacha kwamba mmoja ulimi wake mfupi, akatikisa kichwa ile ya Kihindi, ndio bila kusema ndio.

Wakati wa kuyeyusha ndo nilipoona kitu. Shaba nyekundu inaingia kwanza, zinki mwisho kabisa, na zinki ikigusa tu sufuria unatoka moshi mweupe mzito, vipande vinaelea hewani vinatua kwenye nywele. Mzee kafunga shuka puani, kaniamuru nisimame upande wa upepo. Ule moshi ni zinki inaondoka, zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na shaba inataka zaidi ya 1,000 ili iyeyuke, ndo mana anaweka zinki ya ziada, anajua sehemu yake inakwenda angani. Nikamuuliza zamani zinki ilitoka wapi. Akanyoosha mkono kusini. "Zawar."

Sikua na mpango wa Zawar kabisa.

Jumamosi, njiani

Basi la Udaipur. Kabla ya mji wa Pali tukasimama kwenye pikipiki ya Bullet iliyowekwa ndani ya kioo na watu wanaiabudu, dereva kashuka kaweka maua karudi, safari ikaendelea. Pali yenyewe zamani ilikua soko kubwa la pembe za ndovu, vikuku vya maharusi, na karne ya 19 sehemu kubwa ya pembe iliyofika pande hizi ilipita kwetu, Unguja mpaka Bombay na Kutch. Nazo pia zilifika kwa kubebwa mabegani mwa watu, kutoka bara hadi pwani. Dirisha lilikua halifungi, vumbi tupu.

Jumapili, Udaipur na Zawar

Jumba la mfalme asubuhi, lina ukumbi wa vitu vya fedha tupu. Kazi ya fedha ni nyengine kabisa, haimiminwi, ni bati jembamba linalazwa kwenye lami laini linagongwa kutokea nyuma mpaka maua yanajitokeza mbele, kisha linavalishwa kwenye mbao na vijimisumari. Zuri, lakini mimi fedha hainisemeshi, nikatoka mapema.

Zawar iko kilomita 40 hivi kusini, nikakodi pikipiki na mwenyewe. Leo ni mgodi wa kisasa, malori na mageti, lakini ukizunguka upande wa mahekalu unakutana na vilima vya takataka nyeusi, na takataka zenyewe ni mirija ya udongo, mamia kwa maelfu, saizi ya mkono kutoka kiwiko, upande mmoja imezibwa. Kuna kuta zimejengwa kwa mirija hio. Mtu kapanga mirija kapaka udongo kapata ukuta, na mbuzi wamelala kivulini kwake.

Kila mrija ni chungu cha kuchemshia zinki. Tatizo la zinki ni kwamba ukichoma jiwe lake kwenye tanuri la kawaida inatoka ikiwa mvuke, inakutana na hewa inakua ule moshi mweupe, umepata majivu. Watu wa hapa wakajaza mrija na madini, wakachomeka kijiti katikati, wakauziba na shingo ya udongo, wakaugeuza kichwa chini. Mirija 36 kwa tanuri moja, moto juu, ubaridi chini. Kijiti kinazuia madini yasimwagike mpaka yashikane, kikiungua kinaacha njia, mvuke unashuka kupitia humo, unakutana na ubaridi, unadondoka ukiwa chuma. Hapa ilifanyika kwa wingi tangu zama za kati, na kule Bristol William Champion alipata hataza yake ya kuvukiza zinki, mvuke ukishuka chini vilevile, mwaka 1738. Kwa hio wale wataalamu wanaopima shaba ya Ulaya na kusema zinki ikizidi asilimia 30 hivi basi ni ya karibuni, mana fundi wao wa zamani hakua na zinki yenyewe ya kuongeza, kipimo hicho wasije nacho huku, fundi wa Rajasthan alikua na zinki yenyewe mkononi anaweka atakavyo.

Ndani ya mrija mmoja uliovunjika bado unaona alama ya kijiti, kitundu cha kidole kidogo. Niliuacha pale pale.

Jumanne tena, Mumbai

Nimerudi kwa chacha kwa ajili ya mazungumzo tu, mana nilishajua. Sheria ya India ya 1972, kitu kama hiki kikishafika miaka 100 ni urithi, mtu binafsi haruhusiwi kukitoa nje ya nchi, na kwa vile vinavyotia shaka unakwenda idara ya mambo ya kale upewe cheti kwamba sio vya kale. Wapo wanaokwambia "hakuna shida bhai, tutaandika mapambo". Shida ipo, na ikikukuta airport hao hawapo. Na kusema kweli naona sawa, kwetu milango mingapi imeng'olewa ikaondoka kwa mtindo huo huo.

Kwa hio wale chui wawili wanabaki Mutton Street, chacha anao mteja wa Hyderabad anawavizia. Mimi nimetoka Jodhpur na vichwa viwili vya yule mzee wa nta, vipya kabisa, risiti imeandikwa vipya, nikamkataza asivitie dawa wala asivisugue, na udongo wa ndani nikamwambia auache. Vitakwenda kwenye nguzo za kitanda cha samadari ninachokikarabati pale Malindi, mwenye kitanda bado hajui.

Jioni nikampelekea mama mdogo avione. Ameanza kutembea na fremu, korido nzima anakwenda anarudi. Akakipima kimoja mkononi, akauliza kilo ngapi, nikamwambia viwili kama kilo 3 na kidogo. "Basi hizo hesabu kwenye begi lako, mi nshanunua masufuria."